Bima Kubwa au Bima Ndogo: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla ya Kukatia Bima Gari Lako Tanzania

Kila mwenye gari Tanzania analazimika kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haimpi mtu nafasi ya kuchagua katika hilo, na askari wa usalama barabarani akikusimamisha atataka kujua kama bima hiyo iko hai. Kinachobaki mikononi mwako ni kile kinachozidi hapo, yaani kama utalipa zaidi ili gari lako mwenyewe nalo litengenezwe likipata ajali, au ulipwe thamani yake likiibwa au likiungua. Hiyo ndiyo bima kubwa. Uamuzi wa kuikata mara nyingi hufanywa kwa haraka, mbele ya meza ya wakala, siku ileile bima ya zamani inapoisha, mtu akitazama ada mbili na kuichukua iliyo ndogo.

Uamuzi huo unastahili saa moja ya utulivu na karatasi ya kupigia hesabu. Mwongozo huu unahusu gari la matumizi binafsi Tanzania Bara, na umejengwa juu ya hoja moja ambayo naiamini kwa dhati: ubora wako wa udereva si kipimo kizuri cha kuamua, wala hofu ya ajali si kipimo kizuri. Kipimo ni kama nyumba yako inaweza kulipoteza gari zima leo na bado ada za shule, kodi ya nyumba na chakula vikaendelea kulipwa bila kukopa.

Hatua ya kwanza: tambua bima ndogo inakuachia mzigo gani

Bima ya mtu wa tatu humfidia yule uliyemdhuru, si wewe. Ukimgonga mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda au gari la mtu mwingine, kampuni ya bima husimama badala yako kulipa fidia, hasa ya kifo na majeraha ambayo ndiyo sheria inayoyalenga, na pia ya mali yake kwa kadiri ya kikomo kilichoandikwa katika mkataba. Gari lako lililopondeka boneti na kuvunjika taa halimo kabisa. Utalivuta mwenyewe hadi gereji, utanunua spea mwenyewe na utamlipa mwenyewe fundi wa kunyoosha bodi.

Wengi hujibu kwamba kosa likiwa la mwingine, bima ya huyo mwingine italipa. Hilo ni kweli, lakini tazama mlolongo wake. Polisi wapime ajali na kuandika ni nani mwenye kosa. Aliyekugonga awe na bima iliyo hai. Kampuni yake, ambayo haina mkataba wowote na wewe, ikubali dai lako. Na kikomo cha fidia ya mali kitoshe kutengeneza gari lako. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, unabaki na gari bovu na barua mkononi. Isitoshe, kuna ajali ambazo hakuna wa kudaiwa: gari lililokwaruzwa ubavu mzima likiwa limeegeshwa, bajaji iliyokugonga kwenye foleni ya Ubungo ikapenya na kutoweka, au mnyama aliyekatiza usiku kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa pale inapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Katika hali hizo bima ndogo haina la kukupa.

Kati ya bima ndogo na bima kubwa ipo ya tatu ambayo mawakala hawaitaji mara nyingi, nayo ni bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hii huongeza fidia gari lako likiungua au likiibwa, lakini haitengenezi gari lililogongana. Ada yake iko katikati. Iulizie kwa jina lake, kwa sababu kwa baadhi ya magari ndiyo inayofaa kuliko zote mbili, kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya pili: pata thamani ya kweli ya gari lako leo

Ada ya bima kubwa hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo thamani ndiyo mwanzo wa kila hesabu. Usichukue bei uliyonunulia miaka mitatu iliyopita, wala jumla ya bei ya Japani na ushuru wa forodha. Tafuta gari la aina ileile, la mwaka uleule na hali inayokaribiana, linauzwa kiasi gani sasa hivi katika yadi na kwa watu binafsi. Chukua bei tatu au nne, kisha punguza kidogo, kwa sababu bei inayotangazwa si bei inayolipwa. Kampuni nyingine zitataka gari likaguliwe kabla ya kulikubali, na gari likiwa la miaka mingi zinaweza kulikataa kabisa kwa bima kubwa. Uliza jambo hilo kabla hujapoteza muda kwenye hatua zinazofuata.

Kuna vishawishi viwili vya kuepuka. Cha kwanza ni kutaja thamani kubwa kuliko ya kweli kwa matumaini ya kulipwa zaidi. Kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara, kwa hiyo utakuwa umelipia hewa. Cha pili, ambacho hutokea zaidi na huumiza zaidi, ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 15, nawe umeandikisha milioni 10. Umeokoa shilingi 206,500 katika ada ya mwaka. Likipata uharibifu wa milioni 3, na mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni itasema umelikatia bima theluthi mbili tu, hivyo italipa theluthi mbili ya hasara, ambayo ni milioni 2, na bado itaondoa mchango wako katika dai, nitakaoueleza katika hatua ya tatu. Milioni nzima imebaki shingoni mwako kwa sababu ya laki mbili.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya tofauti, si ya jumla

Viwango vya chini vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani kwa bima kubwa na shilingi 100,000 kwa bima ndogo, kabla ya kuongeza VAT. Nitatumia VAT ya asilimia 18. Kwa gari la shilingi milioni 15, bima kubwa ni shilingi 525,000, na VAT ya 94,500 inafanya jumla iwe 619,500. Bima ndogo kwa gari hilohilo ni shilingi 118,000.

Sasa, usiseme bima kubwa inakugharimu shilingi 619,500, kwa sababu shilingi 118,000 ungelipa kwa vyovyote. Gharama ya uamuzi wako ni tofauti kati ya ada hizo mbili, yaani shilingi 501,500 kwa mwaka, au karibu shilingi 42,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kiasi cha kupima. Kwa gari la milioni 40, bima kubwa ni shilingi 1,652,000 na tofauti ni 1,534,000. Kwa gari la bei ya chini, uliza kama kampuni ina ada ya chini kabisa isiyopungua hata asilimia ikitoa kiasi kidogo, kwa maana hapo mzigo huwa mkubwa kuliko asilimia 3.5 inavyoonyesha.

Tofauti ya shilingi 501,500 ni takriban sehemu moja ya 30 ya thamani ya gari la milioni 15. Kwa maneno mengine, ungelipa tofauti hiyo kwa miaka 30 ndipo ifikie bei ya gari moja. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu ambaye magari yake hayapati hasara kubwa kwa miaka mingi atakuwa amelipa zaidi ya alichopokea, na ndivyo biashara ya bima inavyojiendesha. Lakini hesabu ya wastani ni ya kampuni yenye maelfu ya magari. Wewe una gari moja, na likiangamia halitaangamia kwa wastani, litaangamia lote.

Baada ya hapo ongeza kitu ambacho wakala hukitaja mwishoni, kama akikitaja: mchango wako katika kila dai, unaojulikana zaidi kama ekses. Kila mkataba una kiwango chake. Kwa mfano wa hesabu, chukua mkataba unaosema asilimia 10 ya dai, lakini isipungue shilingi 200,000. Bampa na taa vikigharimu shilingi 250,000, kampuni itakupa 50,000 tu, nawe utapoteza punguzo ambalo hupewa mteja asiyedai mwaka mzima. Uharibifu ukiwa wa milioni 3, utachangia 300,000. Gari la milioni 15 likiteketea, utapokea milioni 13.5, na mabaki ya gari yatakuwa ya kampuni. Kutokana na hesabu hizo utaona kwamba bima kubwa haifai kwa mikwaruzo. Anayeikata kwa kutarajia kila kioo cha pembeni kilichovunjwa kilipwe atavunjika moyo ndani ya miezi michache. Kazi yake ni kubeba hasara ambayo ingekuangusha.

Hatua ya nne: pima hasara unayoweza kuibeba mwenyewe

Andika kiasi cha fedha ulichonacho ambacho unaweza kukitoa ndani ya mwezi mmoja bila kukopa na bila kugusa fedha iliyokwisha kupangiwa kazi. Kiwanja ambacho hakijauzwa hakihesabiki, wala ahadi ya ndugu haihesabiki. Linganisha kiasi hicho na thamani ya gari.

Kama fedha hiyo inazidi bei ya gari kwa mbali, unaweza kubaki na bima ndogo kwa moyo mweupe. Kama ni ndogo kuliko bei ya gari, na gari hilo ndilo linalokupeleka kazini, kupeleka watoto shule au kubeba bidhaa za duka, bima kubwa inakuhusu hata kama ada yake inauma. Hapa ndipo mazoea yetu yanapokwenda kinyume na hesabu: mwenye magari matatu na akiba benki hukata bima kubwa kwa yote, na mtumishi aliyeweka akiba yake ya miaka mitano kwenye Toyota IST moja hukata bima ndogo kwa sababu ada inaonekana kubwa. Huyu wa pili ndiye anayehitaji zaidi kulindwa.

Gari likiwa limenunuliwa kwa mkopo wa benki, kwa kawaida huna uamuzi wa kufanya. Benki hudai bima kubwa hadi mkopo uishe, na jina lake huandikwa kwenye hati kama mlipwaji wa kwanza. Ikitokea hasara kamili, benki itachukua deni lake kwanza, nawe utapata kinachobaki.

Hatua ya tano: tazama mahali gari linapolala na kazi linayofanya

Gari linalolala ndani ya geti lenye mlinzi halina hatari sawa na linalolala barabarani Sinza au Buguruni. Gari linalokwenda kazini kilomita sita na kurudi si sawa na linalopanda Mbeya kila mwezi kwa barabara yenye malori ya mizigo ya Zambia na Kongo. Anayeegesha au kupita maeneo yanayofurika wakati wa masika, kama bonde la Msimbazi pale Jangwani, ana hatari ambayo bima ndogo haiigusi hata kidogo. Idadi ya watu wanaoliendesha gari ni muhimu pia: gari linaloendeshwa na baba, mama na kijana aliyepata leseni mwaka huu si gari la dereva mmoja.

Kwa gari la miaka mingi lenye thamani ndogo, ambalo uharibifu wa kawaida unaweza kulipia mwenyewe kwa spea za mtumba kutoka Gerezani lakini linalala nje usiku, bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi ndiyo ninayoipendekeza. Unalipia mambo mawili yanayoweza kuliondoa gari lote mara moja, na unajibebea mengine.

Hatua ya sita: soma mkataba kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya wateja na kampuni. Omba nakala ya masharti siku moja kabla ya kulipa. Wakala akikuambia itatumwa baadaye, mwambie utalipa baadaye.

Anza na kifungu cha matumizi. Bima ya gari binafsi haihusu gari linalobeba abiria au mizigo kwa malipo. Ukiliweka gari kwenye programu za usafiri wa mtandaoni kama Bolt, hata kwa jioni za Ijumaa tu, huku hati ikisema matumizi binafsi, umeipa kampuni sababu halali ya kukataa dai lako. Sema ukweli, lipa ada ya gari la biashara, ubaki salama. Fuata kifungu cha dereva: asiye na leseni hai ya daraja husika, na aliyelewa, huondoa haki ya fidia ya gari lako.

Kisha tafuta mambo yasiyolipwa. Uchakavu wa kawaida, injini au giaboksi iliyokufa yenyewe, hitilafu ya umeme wa gari, na matairi yaliyopasuka bila ajali nyingine huwa nje ya mkataba. Hasara zinazofuata ajali, kama nauli za teksi gari likiwa gereji, huwa nje pia isipokuwa umelipia nyongeza. Uliza waziwazi kuhusu mafuriko, kwa kuwa mikataba hutofautiana. Uliza kuhusu vurugu na ghasia za kisiasa, ambazo mara nyingi huhitaji nyongeza yake. Uliza kuhusu wizi wa vifaa, yaani vioo vya pembeni, redio, taa na kontroli boksi gari likiwa limesimama. Baadhi ya mikataba huviondoa na mingine huweka kikomo kidogo. Uliza juu ya wizi unaofanywa na mtu uliyemkabidhi ufunguo mwenyewe, awe dereva, muosha magari au mteja aliyesema anataka kulijaribu, kwa sababu mikataba mingi haiuhesabu kama wizi wa kawaida. Majibu yote yaombe kwa maandishi, hata kwa barua pepe fupi.

Usisahau mipaka ya nchi. Ukienda Nairobi, Kigali au Lusaka, Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania inashiriki ijapokuwa si mwanachama wa COMESA, hushughulikia madhara utakayowasababishia wengine huko. Gari lako lenyewe halimo ndani ya kadi hiyo ya kawaida. Bima kubwa uliyokata Dar es Salaam italifuata ng'ambo ya mpaka ikiwa tu kampuni imeongeza eneo la mkataba kwa maandishi kabla hujaondoka.

Mwisho wa hatua hii, uliza gari litatengenezwa wapi na kwa spea gani. Kampuni nyingine zina gereji zao walizoteua, nyingine hukuruhusu kuchagua. Uliza kama spea mpya zikifungwa kwenye gari la zamani utatakiwa kuchangia tofauti ya uchakavu, maana mchango huo huja juu ya ekses na watu hushtuka wanapoukuta.

Hatua ya saba: lipa kwa njia sahihi, kisha hakiki

Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni ya bima au ya wakala aliyesajiliwa, si kwa namba ya simu ya mtu. Bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa, kwa hiyo ahadi ya kumalizia mwisho wa mwezi haikulindi. Baada ya kupata stika ya kielektroniki, ingia katika mfumo wa TIRA MIS, weka namba ya usajili wa gari au namba ya stika, na hakikisha mambo manne: jina la kampuni, tarehe za kuanza na kuisha, namba ya gari, na aina ya bima. Hilo la nne ndilo muhimu zaidi kwako. Kama umelipia bima kubwa na mfumo unaonyesha mtu wa tatu, rudi siku hiyohiyo.

Piga picha za gari pande zote nne, ndani, na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Zitakusaidia kuonyesha hali ya gari kabla ya hasara.

Hatua ya nane: ukibaki na bima ndogo, weka ile tofauti kando

Uamuzi wa bima ndogo ni halali kabisa, mradi ile tofauti isiyeyuke kwenye matumizi ya kila siku. Fungua akaunti ya pembeni na uingize shilingi 42,000 kila mwezi, au kiasi chochote ambacho hesabu yako imetoa. Baada ya miaka mitatu utakuwa na takriban milioni moja na nusu, ambayo inatosha kunyoosha bodi, kupaka rangi na kubadilisha taa. Haitoshi kununua gari jingine. Kwa hiyo aliyechagua njia hii akubali kwamba kwa miaka ya mwanzo hasara kubwa itamkuta mikono mitupu.

Hatua ya tisa: likitokea la kutokea

Usiliondoe gari kabla ya polisi kupima ajali, isipokuwa linahatarisha maisha ya watu. Piga picha, chukua namba za magari yaliyohusika na za mashahidi, na aliyeumia apatiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili atibiwe. Usikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani, kwa sababu mkataba unaipa kampuni haki ya kushughulikia madai yenyewe. Iarifu kampuni ndani ya muda ulioandikwa kwenye hati, na usitengeneze chochote mpaka mkadiriaji hasara aone gari. Kabla ya kufungua dai la uharibifu mdogo, rudi kwenye hesabu ya ekses na punguzo. Pengine ni nafuu kulipa mwenyewe, ijapokuwa taarifa utoe kwa vyovyote.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi zikitaja kifungu cha mkataba. Usiporidhika baada ya kuandika kwa uongozi wa kampuni, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko nyaraka ndizo zinazosema, na zile barua pepe za hatua ya sita zitakuwa na kazi.

Hatua ya kumi: rudia hesabu kila mwaka

Mwezi mmoja kabla ya bima kuisha, tafuta tena thamani ya gari. Kampuni au wakala asiyekujali atahuisha kwa thamani ya mwaka jana, nawe utalipia gari ambalo halipo tena. Gari la milioni 15 likishuka hadi milioni 12, bima kubwa inashuka kutoka shilingi 619,500 hadi 495,600, na tofauti yake na bima ndogo inakuwa shilingi 377,600. Dai lile punguzo la kutodai kama mwaka ulipita salama, angalia akiba yako imefika wapi, kisha uamue upya kwa takwimu za mwaka huo.